Vitabu Vyangu Sivigawi

Siku hizi imezuka hekima moja inayorudiwa kila pembe, na anayeitamka huitamka kwa uso wa mtu aliyetua mzigo: kitabu ukishakisoma, kazi yake imekwisha, mpe mwingine. Kukiweka rafuni ni uchoyo. Kukiweka na kukipangusa vumbi kila Jumamosi ni uchoyo uliochanganyika na majivuno. Ukilalamika kwamba uliyemwazima hajakirudisha, wanakutazama kama mtu aliyerogwa, maana kila kitu sasa kimo kwenye simu. Nimeisikia kwa vijana wa vikundi vya kusoma, nimeisikia kwa waandishi wenzangu, na nimeisikia zaidi kwa shemeji yangu, ambaye kwa muda mrefu ana mipango yake na chumba changu cha vitabu.

Hekima hiyo naipinga, na sitaipinga nusunusu. Mapenzi ya msomaji kwa vitabu vyake, hata pale yanapofanana na utoto, ndiyo yaliyotubakishia sehemu kubwa ya maandishi ya Kiswahili tunayojivunia leo. Serikali zilikuja baadaye. Vyuo vikuu vilikuja baadaye. Kompyuta ndiyo kwanza juzi. Wote hao walipofika, walipiga hodi kwenye nyumba za watu waliokuwa wamekataa kutupa, wakaomba kuonyeshwa.

Tuanze Lamu, Pate na Siyu. Kabla mitambo ya kuchapa haijaenea pwani, kitabu kilikuwa kazi ya mkono: karatasi iliyoletwa na vyombo kutoka ng'ambo, wino, kalamu ya mwanzi, na mtu mwenye hati nzuri na subira. Siyu ilisifika kwa misahafu yake iliyonakiliwa na kutiwa nakshi. Chuo cha namna hiyo, kama walivyokiita wenyewe, hakikuwa cha kusoma na kupisha. Kilifungwa kwenye kitambaa, kikawekwa sandukuni au kwenye zidaka za ukutani, kikarithiwa, na wakati mwingine kikagombewa na ndugu waliokwisha kugawana shamba kwa amani. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake utendi, yapata mwaka 1858, hakuwa na mchapishaji, hakuwa na duka, hakuwa na tuzo aliyoikimbilia. Alikuwa na mtoto aliyethamini karatasi ya mama yake, na baada ya mtoto wakaja wanakili waliothamini vilevile. Wataalamu wa Ulaya walipoanza kuuchapa utendi huo katika karne ya 20, waliukuta uko mikononi mwa watu. Ungekuwa umegawiwa kwa kila mpitanjia, wangekuta nini?

Au mchukue Muyaka bin Haji wa Mombasa. Alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake hayakuwa na kitabu. Mwishoni mwa karne hiyo Mwalimu Sikujua bin Abdallah alishirikiana na mmisionari William Taylor kuyakusanya, mengine kutoka vichwani mwa wazee, mengine kutoka kwenye makaratasi. Kisha makaratasi ya Taylor yakaenda London, na diwani ikaja kuchapwa mwaka 1940, tena Johannesburg. Hesabu mwenyewe: takriban miaka 100 kati ya kaburi la mshairi na kitabu chake. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hapakuwa na taasisi hata moja iliyomlinda. Kulikuwa na watu wenye wivu na maneno yake, waliokariri na kuandika na kuficha.

Najua nitajibiwa nini hapa. Nitaambiwa: mbona basi ukitaka kuuona mswada mashuhuri wa Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, inakubidi uende Hamburg? Mbona miswada mingine kochokocho iko London? Kung'ang'ania kwao kulisaidia nini? Lakini jibu hilo linanipa nguvu mimi. Mingi ya miswada hiyo ilikwenda Ulaya kwa kuachiwa: kwa zawadi, kwa kuuzwa wakati wa shida, kwa ukarimu wa mtu aliyeona kwamba mgeni anaihitaji zaidi. Wanaosema kitabu kikiachiwa kitazunguka huwa hawasemi kitazunguka wapi. Chetu kilizunguka mara moja, kikavuka bahari, kikatulia. Kijana wa Pate anayetaka kukishika leo anahitaji viza kwanza. Ni kweli sasa kuna picha za baadhi ya miswada hiyo mtandaoni na mimi ni wa kwanza kuzishukuru, ila picha ilipigwa kwa sababu karatasi ilikuwapo ya kupigwa.

Nje ya mlango wa hoja hii kuna jambo ambalo wanaohubiri kugawa hawalitazami kabisa, nalo ni wakfu. Msikiti wa Riyadha pale Lamu una miswada ambayo siku hizi imepigwa picha kwa mradi uliofadhiliwa kupitia Maktaba ya Uingereza. Vitabu vya namna hiyo katika misikiti na madrasa za pwani, vingi vilikuwa vya mtu kabla ya kuwa vya umma. Mwenye kitabu alikipenda kiasi cha kukiandikia masharti: kisiuzwe, kisitolewe zawadi, kisirithiwe, kisomwe na wanafunzi wa mahali fulani. Soma masharti hayo taratibu. Ni maneno ya mtu ambaye hajakubali kukiachia hata baada ya kufa. Na ni kwa kutokukiachia huko watoto wa watu wengine wamekisoma kwa vizazi. Anayedai kwamba mapenzi ya kumiliki na kuwanufaisha wengine ni mambo mawili yasiyokaa nyumba moja, hajawahi kufungua kitabu cha wakfu.

Ukitaka ushahidi wa karibu zaidi, uko kwa Shaaban Robert. Kati ya mwaka 1931 na 1958 alimwandikia nduguye, Yusuf Ulenge, barua. Barua za kawaida, za afya, fedha, kazi, vitabu alivyokuwa akihangaika navyo. Ndugu akazitunza. Shaaban alifariki mwaka 1962. Barua zikatoka kitabuni mwaka 2002, zikihaririwa na Ulenge mwenyewe pamoja na Profesa Mugyabuso Mulokozi. Fikiria nyumba yenye watu, uhamisho wa kikazi, mvua za masika, mchwa, na karatasi za mwaka 1931 zinavuka yote hayo. Yusuf Ulenge alikuwa amekwisha kuzisoma. Kwa sheria ya hekima mpya, kazi yake ilikuwa imekwisha siku ile ile alipofungua bahasha.

Sasa njoo kwenye kitabu cha kuchapwa, maana hapo ndipo wapinzani wangu wanapojiona wako salama. Kitabu cha kuchapwa, wanasema, kina maelfu ya ndugu zake. Ukigawa kimoja hujapoteza kitu. Ingekuwa kweli kama tungekuwa na wachapishaji wanaorudia kuchapa. Historia yetu ni nyingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ilikwenda na East African Literature Bureau, shirika lililokuwa limetoa vitabu vya Kiswahili kwa nchi zote tatu. Miaka ya 80 ikaja na uhaba wa fedha za kigeni. Tanzania karatasi yenyewe ikawa tatizo, na Tanzania Publishing House, iliyokuwa imechapa Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli za Adam Shafi, ikadhoofika. Vitabu havikupigwa marufuku. Viliisha tu. Siku moja duka lilikuwa nacho, siku ya pili halikuwa nacho, na hakuna aliyetangaza msiba.

Zilizoumia zaidi ni zile zilizodharauliwa tangu mwanzo, riwaya za upelelezi na mapenzi. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ilitoka mwaka 1965. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, yenye mpelelezi wake Willy Gamba, ilitoka mwaka 1974. Ongeza Eddie Ganzel, Hammie Rajab, Ben Mtobwa. Vitabu hivi vilisomwa kwenye mabasi, kwenye mabweni baada ya taa kuzimwa, kwenye zamu za usiku viwandani, na mtu mmoja akimaliza alimpa mwingine, kabisa kama hekima mpya inavyotaka. Vilizunguka mpaka vikachakaa. Walimu waliviita takataka. Maktaba hazikuona haja ya kuvipigania. Baadhi vimerudi kuchapwa, vingi havijarudi. Leo mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafiti riwaya pendwa anafanya nini? Anapiga simu. Anaulizia nani ana nakala. Mwisho wa msururu wa simu hizo siku zote yuko mzee mmoja, mstaafu wa reli au posta, mwenye kabati ambalo wanawe wanalicheka.

Nina nakala ya riwaya moja ya upelelezi ya miaka ile, niliyoinunua kwa muuza vitabu aliyetandaza turubai Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, hatua chache kutoka Sanamu ya Askari. Jalada limegandishwa kwa selotepu iliyokwisha kuwa kahawia. Ndani kuna muhuri wa zambarau wa shule ya sekondari, na juu ya muhuri jina la mtu limekatwa kwa kalamu ya wino na jina jingine kuandikwa. Lakini utamu uko pambizoni. Msomaji wa zamani alikuwa akimsaka muuaji sambamba na mpelelezi. Sura ya pili ameandika kwa penseli jina la mtuhumiwa wake na kupiga mstari chini mara mbili. Sura ya nne amelifuta, akaandika jingine. Karibu na mwisho ameandika tu, "Mimi nilijua," jambo ambalo penseli yake mwenyewe inalikanusha. Ningeweza kupata matini ya riwaya hiyo kwingine. Yule bwana wa penseli, au yule bibi, ningempata wapi? Historia ya usomaji wetu, namna watu wa kawaida walivyosoma na walichokifikiri, haipo kwenye kumbukumbu za serikali. Iko pambizoni mwa nakala kama hii, na kila nakala ni peke yake.

Kuhusu simu sitakaa sana. Mwezi Julai 2009 kampuni ya Amazon iliingia kwenye vifaa vya wateja wake na kufuta vitabu viwili walivyokwisha kulipia, kwa sababu ya mgogoro wa hakimiliki. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya George Orwell: Nineteen Eighty-Four na Animal Farm. Walirudishiwa fedha, naam, lakini waliolala na kitabu waliamka hawana. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na vitabu vyote vilivyonunuliwa pale vikafungwa navyo. Mimi ninayo Shamba la Wanyama, ile tafsiri ya Kawegere ya mwaka 1967, kurasa zimeanza kuwa na rangi ya chai. Sijui kampuni itakayoifuta usiku.

Na tuambiane ukweli kuhusu hizo nakala tepe zinazosifiwa. Mtu anayekwambia "kitabu hicho ninacho kwenye simu" mara tisa kati ya kumi ana PDF iliyopigwa picha kwa kamera ya simu, ukurasa wa 43 umekaa upande, vidole vya mpiga picha vinaonekana, na mwandishi hajalipwa senti. Ilitumwa kwenye kundi, ikapakuliwa na watu mia, ikasomwa na watatu. Simu ikiibwa Kariakoo, maktaba nzima imekwenda Kariakoo. Siwakatazi kusomea simu. Nami husomea simu kwenye foleni. Nakataa tu kuambiwa kwamba hicho ndicho kilichokuja kuchukua nafasi ya kabati la yule mstaafu.

Inabaki shutuma ya majivuno, nayo inanichekesha. Inasemekana wenye vitabu wanavipanga sebuleni ili waonekane. Wako, kwa kweli. Mwaka 2020, mikutano ilipohamia kwenye vioo vya kompyuta, tuliona mawaziri na maprofesa wakikaa mbele ya rafu kama waliokwenda studio kupiga picha. Lakini ingia kwenye nyumba yoyote ya heshima kuanzia Tanga hadi Kisumu, utalikuta lile kabati la vyombo lenye vioo. Ndani kuna seti ya bilauri zenye utepe wa dhahabu, birika la kaure, sahani zilizoletwa na mtu aliyetoka Dubai. Hazijanywewa tangu harusi. Watoto wakilisogelea kabati wanapigiwa kelele. Sijasikia hata siku moja mgeni akimwambia mama mwenye nyumba kwamba bilauri ukishainywea mara moja umgawie mwenzio, au kwamba kuziweka ni uchoyo. Kumbukumbu yake ya harusi inaheshimiwa, na inastahili. Kumbukumbu yangu ya kitabu nilichokisoma mwaka nilipofiwa na baba inaitwa mrundikano.

Huyo huyo anayeniita mrundikaji, ukikaa naye dakika tano zaidi, atakwambia kwamba Waafrika hawasomi, na kwamba ukitaka kumficha Mwafrika jambo liandike kitabuni. Anataka mambo mawili kwa mpigo: watu wasiwe na vitabu nyumbani, na watoto wawe wasomaji.

Nikimbana, ananiambia nipeleke maktaba. Maktaba nazipenda; nimelelewa nazo, na ile Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, nimeketi sana kwenye viti vyake. Lakini maktaba ya umma si sanduku la kumaliza matatizo yetu ya nafasi. Mkutubi ana rafu zake chache, ana bajeti yake ya mashaka, na tayari amepokea makasha ya vitabu vya msaada kutoka Uingereza na Marekani ambavyo hakuviagiza. Nyumba kubwa nazo huungua: tarehe 18 Aprili 2021 moto wa mlimani uliteketeza Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na sehemu kubwa ya hazina yake ya vitabu kuhusu Afrika. Na nyumba kubwa huwa na mlinzi mlangoni. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuketi mle na kusoma. Msomaji Mwafrika wa Nairobi wa miaka hiyo alikuwa na maktaba gani, kama si sanduku la bati chini ya kitanda chake? Tungemshauri agawe?

Wapo wapinzani wangu wenye hoja moja nzito, na hao nitawapa haki yao. Wanasema: mwenye vitabu akifa, vitabu hufa naye. Hili nimeliona. Arobaini inapita, nyumba inagawanywa, na vitabu vinabaki uani kwenye viroba kwa sababu hakuna aliyevitaka wala aliyethubutu kuvitupa. Mvua moja inavipiga. Anakuja kijana wa kununua karatasi kwa kilo na mizani yake ya kuning'iniza, analipa, anaondoka. Wiki hiyo hiyo unanunua karanga mtaani zimefungwa kwenye ukurasa wa kamusi. Inauma. Lakini tazama kosa liko wapi. Wanasema mzee alivipenda mno. Mimi nasema alivipenda peke yake. Alifunga mlango wa chumba chake cha vitabu, akawafukuza watoto wenye mikono ya mafuta, hakuwahi kumwambia hata mmoja wao kwa nini hiki kina sahihi ya mwandishi na kile kilipatikana kwa taabu gani. Angewatia wivu wake, wangegombania. Wale wa Siyu waligombania vyuo vya baba zao, na kwa ugomvi huo tunavyo.

Kwa hiyo mwenye vitabu asiombwe apunguze mapenzi. Aombwe kazi, na kazi yenyewe si ndogo. Aandike orodha, hata kwenye daftari la shule: jina la kitabu, mwaka, alikipata wapi. Aazimishe, kwa sababu kuazimisha si kugawa. Mimi huandika jina la mwazimaji na tarehe mbele ya macho yake, na wengine huudhika na kukiacha, jambo ambalo nalo ni faida. Vya Kiswahili vilivyokwisha kutoweka madukani aviweke mahali pake, avifunike kwa karatasi ya kaki, avitazame kila masika kama havijashika ukungu, na akipata mtafiti mwenye adabu amruhusu apige picha kurasa palepale mezani, akiwa amekaa karibu. Akiwa bado ana nguvu aende mwenyewe kwa mkutubi, na orodha mkononi, amuulize ni vipi kati ya hivi hana na angevitaka, asimwachie mjane kazi ya kupeleka viroba. Vinavyobaki awaite watoto na wajukuu wachague, kila mtu na chake, aandike jina ndani mbele yao.

Wangu nimewaambia hivyo hivyo. Vitakavyokosa mtu, visipimwe kwenye mizani ya kilo. Waite muuza vitabu wa turubai, yule wa Samora au mwenzake wa zile meza za chini za Nairobi wanazoziita inama. Atabishana nao bei kwa saa nzima, atadai kwamba hakuna anayenunua vitabu siku hizi, na atavibeba vyote.